Theluji ya Bibi na Njia ya Mkato

Jumapili, 18 Januari

Nimempata! Alhamdulillahi, safari hii Yaarub nimempata.

Yaarub ni mtoto wa ami yangu. Kanizidi miezi michache tu, lakini lazima nimwite Kaka. Ana gari kubwa la kupandia milima, ana cheo wizarani, ana meno yote. Na zaidi ya yote anaye bibi yetu, Bibi Kaltham, nyumbani kwake Ibra, tangu Mfungo Mosi. Alipo Bibi ndipo ilipo familia. Ijumaa kwake, sikukuu kwake. Mimi ndiye niliyelelewa na Bibi, nikalala kwa ngano zake, lakini leo nikitaka kumwona nakwenda mpaka Ibra kukaribishwa kama mgeni. Inaniuma, sifichi.

Juzi baada ya chakula Bibi kasema Ramadhani hii atahamia pale moyo wake utakapopenda. Vijiko vyote vikabaki juu. Kisha, kama anayejisemea tu, akasema amezaliwa Unguja, amezeekea Omani, na hajapata kushika theluji kwa mkono wake. Yaarub hakusikia. Alikuwa anachokoa hayo meno.

Mimi nilisikia! Nami nakaa Nizwa, mlima wa Jabal Shams uko mlangoni kwangu. Utabiri unasema Jumatano itaanguka.

Jumatatu, 19 Januari

Mpango umekamilika. Nitapanda kwa pikipiki, nijaze theluji kwenye kisanduku cha barafu, Ijumaa nimfikishie Bibi mbele ya watu wote.

Barabara siitaki. Kukiwa na utelezi huenda wakaifunga. Isitoshe barabara inazunguka tu. Kwenye simu nimeshusha ramani ya njia za milimani, na pale pana mstari mwembamba wa nukta unaopanda moja kwa moja kwa nyuma. Sijui kwa nini watu hawautumii.

Mke wangu Rahila kauliza nani aliyeutumia mara ya mwisho, mtu au punda. Nimemwambia simu haidanganyi. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kuwa mkubwa hapa ni mimi. Hakucheka.

Kisanduku nimeazima kwa jirani anayeleta samaki kutoka Ashkhara. Kinanuka nguru. Nimekisugua kwa ndimu. Sasa kinanuka nguru wa ndimu.

Jumanne, 20 Januari

Mazoezi uani, juu ya pikipiki. Simu nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Haitoki. Hata mimi nimeshindwa kuitoa.

Balaa moja. Nikivaa glavu za sufi, kioo cha simu hakinitambui. Nabonyeza, kimya. Nimejaribu kwa kiwiko. Nimejaribu kwa ncha ya pua, Rahila akatokea, akauliza kama simu nayo inanuka nguru.

Nikakata tamaa, nikakaa pale pale juu ya pikipiki ninywe chai. Kipande cha muhogo wa kuchemsha kikaniponyoka, kikaangukia kioo. Simu ikafunguka! Nikabonyeza tena kwa muhogo. Ikatii. Nusra nilie. Watu wanasomea miaka na hawajagundua kitu kama hiki. Nimemwomba Rahila achemshe mwingine wa akiba. Kauliza na chumvi?

Jumatano, 21 Januari

Naandika nikiwa kitandani, mablanketi mpaka kidevuni. Rahila hasemi na mimi. Nitaeleza yote, maana wengine watayaeleza vibaya.

Nilitoka baada ya sala ya alfajiri. Mlima juu mweupe! Subhanallah. Nikaona bora niwapigie picha watu wa grupu la familia, Yaarub aione akiwa kwenye chai yake. Muhogo ukateleza, ukabonyeza kwengine. Picha haikwenda. Sikujali, nikaendelea.

Mstari wa nukta ulikuwa mwema mpaka kwenye mawe. Baada ya mawe ukawa hauonekani duniani, umo ndani ya simu tu. Sauti ikaniambia nigeuke kulia. Kulia palikuwa na hewa tupu na bonde refu sana! Nikageuka kushoto. Ikanuna, ikaanza kutafuta njia nyengine. Theluji inaanguka, tairi linakwenda litakako, mimi natamka shahada kila kona.

Lakini theluji niliipata. Nilijaza kisanduku mpaka juu, nikaibusu. Nikaiambia simu inirudishe nyumbani.

Nikampita mbuzi mwenye sikio lililokatwa. Baada ya muda nikampita tena. Mara ya tatu nikasimama kumuuliza, maana nilikuwa sina mwengine wa kumuuliza. Akaula muhogo. Wote, na wa akiba! Nikavua glavu, vidole vikafa ganzi. Simu inaonyesha nusu ya chaji bado ipo, na papo hapo ikazima. Pu! Kumbe baridi huziua hivyo. Kwenye maelezo ya ramani yaliandikwa, niliyaruka kwa kuwa yalikuwa marefu.

Hapo niliogopa kweli. Si kwa kisanduku. Nilimfikiria Bibi.

Basi nikaburura pikipiki nikimfuata mbuzi, kwani yeye alionekana anajua aendako. Akanifikisha kwao. Mzee mmoja, Ghaith jina lake, akatoka, akanishika mkono, akanivutia ndani kwenye moto. Mkewe akakata ule mpira kwa kisu, akaitoa simu, akaiweka karibu na joto. Kahawa ikaja.

Sasa, ningalikunywa kidogo, nikatikisa finjani kuonyesha nimetosheka, nikaondoka. Desturi naijua! Lakini mzee kakisikia Kiarabu changu, kauliza kwa upole kama mimi ni katika watu wa Zinjibari. Damu ikanichemka. Nikaazimia kumwonyesha kuwa Mwomani ni Mwomani tu. Atikisae finjani mapema ni mtu wa mjini, mwenye pupa. Mie sikutikisa. Nikauliza habari za mvua, za mitende, za mbuzi, za jamaa zake hai na waliokufa. Akamimina, nikanywa. Akamimina, nikanywa. Mwishowe mkono ukaanza kutetemeka wenyewe kwa kahawa, finjani ikatikisika, mzee akadhani nimetosheka.

Nikaomba kisanduku changu. Mkewe akasema nisiwe na wasiwasi. Alikiweka jikoni, mfuniko wazi, ubavuni mwa moto, ili chakula cha mgeni kisigande kwa baridi.

Maji matupu. Yananuka nguru. Nikasema ahsante sana, Mungu akuzidishie. Ningesema nini?

Simu nayo ikazinduka kwa joto, ikapiga kelele kama king'ora. Masikini mie! Kumbe ule muhogo ulipoteleza uliwatumia grupu zima lokesheni yangu, ile ya kutembea, inayomwonyesha mtu kila anapokwenda. Familia yote, Nizwa, Ibra mpaka Sur, imekaa tangu asubuhi ikinitazama nazunguka. Kisha simu ilipozima, alama yangu ikasimama ukingoni mwa bonde. Haikusogea tena. Shangazi Shukriya alishaanza kunisomea Yasini. Binamu wa Sur keshauliza pikipiki itabaki kwa nani.

Kabla sijajibu ikapigwa honi nje. Nikatoka kwa mlango wa mbele. Lami! Nyeusi, pana, imepita mlangoni kwa mzee Ghaith! Haikufungwa. Na juu yake gari la Yaarub, na ndani yake Bibi Kaltham, mablanketi mawili na kofia ya sufi ya Yaarub. Kumbe walitoka Ibra nilipoanza tu kuzunguka, na pikipiki yangu wameiona pembeni mwa nyumba.

Shikamoo yangu hakuiitikia. Alinizaba kofi la kisogo kwanza. Kisha akanikumbatia, akalia, akaniita mwanangu, akauliza ningalimwachia nani. Nikalia na mimi. Yaarub alikuwa anajifanya anatazama tairi, macho mekundu.

Bibi alipotulia akainama ukutani, akachota theluji. Akaitazama. Kasema ni kama ile barafu aliyokuwa akiikwangua kwenye friji yake ya zamani. Akaitia mdomoni, akalalamika haina ladha. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika kiuno, akataka nyengine.

Pikipiki imeshushwa na pikapu ya mzee Ghaith. Mbuzi alikuja kutuaga.

Ijumaa, 23 Januari

Ibra. Familia nzima. Bibi kasema hangoji Ramadhani, anahamia leo. Anahamia Nizwa. Kwangu!

Nilitaka kupiga kigelegele. Kisha akaeleza sababu. Yaarub mtu mzima, anaweza kuachwa. Yule mwengine haachiki. Simu yangu italala chini ya mto wake, na ufunguo wa pikipiki ataufunga kwenye pindo la kanga. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yaarub alicheka kuliko wote, lakini alipobeba begi la Bibi kulitia garini, uso ulimshuka. Nilimwonea huruma kidogo. Ushindi ni ushindi.

Jumapili, 25 Januari

Bibi yuko jikoni kwangu tangu jana. Nyumba inanuka mandazi. Rahila anasema na mimi tena. Sijapata kuwa na furaha hivi tangu utoto.

Asubuhi Bibi kasema, kama anayejisemea tu, kuwa hajapata kuona kasa anataga. Wako upande wa Sur. Yaarub, sijui kasikia wapi, keshaandika kwenye grupu kuwa atampeleka. Kwa barabara! Ataizunguka nchi nzima!

Nimetazama ramani. Kutoka nyuma ya Ibra pana mstari mwembamba wa nukta unaokata mchangani moja kwa moja mpaka pwani. Hakuna anayeutumia.

Mlimani kosa lilikuwa baridi tu. Mchangani hakuna baridi, simu haitazima. Muhogo nimechemsha, kwa mazoea tu, japokuwa glavu hazihitajiki. Bibi kalala baada ya adhuhuri. Simu nimeichomoa chini ya mto, pindo la kanga nimelifungua taratibu, hakuamka. Nakwenda kuijaribu njia, nitarudi kabla ya chai.

Na ile lokesheni ya kutembea nimeizima kabisa. Safari hii hakuna atakayenifuata.