Bango la Kiatu Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo sina kazi. Duka la dawa limeahirisha bango lake. Mwenye bucha anasema maandishi ya ukutani kwake bado yanasomeka. Hayasomeki. Imebaki "cha".

Nimekaa mbele ya karakana na ubao mweupe mtupu na mikebe mitatu ya rangi. Ng'ambo ya barabara, kwa Kinyozi, nimehesabu watu kumi na mmoja. Waliokuwa wakinyolewa ni wawili tu. Wengine wamefuata ubao wake wa chaki, anaoandikia kichekesho kila asubuhi. Cha leo kilihusu mume aliyejificha kabatini. Nilikisikia nikiwa darasa la tano. Mwandiko wake ni kama kuku kaparura. Mimi niliyesomea herufi miaka miwili nimekaa na nzi.

Nimepata wazo.

Mtaani kwetu wapo waumini ambao watu huwaita Kiatu Kimoja. Jina lao halisi ni refu, sikulishika. Wako ishirini na tisa. Siku ya ibada kila mmoja huvua kiatu cha kushoto mlangoni kwake, akatembea hivyo hivyo hadi ukumbini kwao, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mvua, jua, changarawe, wao wanatembea tu. Sijawahi kuuliza kwa nini. Mchoraji haulizi, anaona.

Mama mkwe wangu ni mmoja wao. Hilo nimelipima. Macho yake si mazuri na huku hapiti.

Jumanne, 4 Machi

Bango limesimama tangu saa mbili asubuhi. Msururu wa waumini wanarukaruka kwa mguu mmoja kama kuku waliokanyaga kaa la moto. Mlangoni kiongozi wao amekalia mlima wa viatu, anauza: KUSHOTO TU, BEI YA JUMLA. Mbele ya msururu nilihitaji mtu wa kuvutia macho. Mkono wenyewe ukamchora bibi mnene mwenye miwani mikubwa.

Mafanikio makubwa. Kufikia saa nne watazamaji walikuwa arobaini. Mteja mmoja wa Kinyozi alivuka barabara akiwa amenyolewa upande mmoja, kitambaa bado shingoni. Kinyozi alibaki mlangoni na mashine inanguruma mkononi, haina kichwa. Mwalimu mstaafu wa hesabu aliniambia kwamba mtaa ulikuwa unahitaji mtu jasiri. Picha imeshaingia kwenye simu za watu wote.

Nimeanza kuhisi kwamba kipaji changu kilikuwa kinadhulumiwa na mabango ya bucha.

Jumatano, 5 Machi

Siku imenipinda.

Saa sita mke wangu alikuja karakana na simu mkononi. Akauliza bibi wa mbele ni nani. Nikasema ni bibi yeyote tu. Akasema ni bibi yeyote aliyevaa miwani ya mama yake, yenye gundi upande wa kushoto. Ile gundi nilikuwa nimeichora vizuri sana. Nikamweleza uhuru wa maoni, asili yake, umuhimu wake na hatari ya kuubana. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nimeishi naye miaka tisa, najua hiyo si dalili njema. Akasema basi na yeye anao uhuru. Akaenda kwa mama yake na begi moja na birika letu la chai.

Jioni nikapata habari nyingine. Wahuni wawili walimfuata fundi cherehani, naye ni Kiatu Kimoja, wakirukaruka nyuma yake kama kwenye picha yangu. Mmoja akamkumba. Akaangukia mkono. Daktari amemfunga bandeji, hatashona kwa wiki mbili.

Inasikitisha. Lakini mimi sikumsukuma mtu. Mimi nilichora.

Mwenyekiti wa mtaa ametuma ujumbe nilitoe bango. Nimekataa kwa maandishi. Kurasa mbili, rangi nyekundu, herufi zangu za heshima. Sentensi ninayoipenda kuliko zote: "Hakuna kitu kitakatifu mbele ya brashi, na asiyetaka kuchekwa akae ndani kwake."

Nimekunywa maji. Birika halipo.

Alhamisi, 6 Machi

Sina maneno. Nitajaribu.

Kinyozi ameacha vichekesho vya maandishi, ameanza kuchora. Amemchora marehemu baba yangu. Baba aliongoza sala katika nyumba yetu ya ibada kwa miaka thelathini, na alikuwa na kawaida ya kufumba macho kwa muda mrefu. Kinyozi amemchora amesimama mbele ya waumini, anakoroma, na waumini wameota ndevu wakimsubiri. Chini ameandika: AMINA ITAKUJA KESHO.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mwenye bucha alikalia ngazi. Mwalimu mstaafu wa hesabu akasema mtaa ulikuwa unahitaji mtu jasiri.

Nilivuka barabara. Kinyozi akaniambia kwa upole kwamba baba alikuwa akisinzia kweli, yeye alikuwepo, na kuna sala moja ilichukua saa nzima. Ni kweli. Lakini ukweli si hoja hapa. Mimi si mtu wa ibada sana. Mara ya mwisho kuingia mle nilikuwa naomba kazi ya kupaka milango. Hata hivyo imani ni imani, na baba ni baba. Kila jambo lina mpaka.

Nimemwandikia Mwenyekiti barua ya pili. Kurasa tatu, rangi ya buluu, inayofaa jambo zito. Nimeomba dhihaka dhidi ya dini ipigwe marufuku mara moja. "Kuna mambo matakatifu," nimeandika, "ambayo si brashi wala chaki inayopaswa kuyagusa." Nimeisoma mara mbili. Machozi yalinilenga.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenyekiti amefurahi kupita kiasi. Kumbe siku zote alikuwa anatafuta sababu. Ametunga sheria ndogo, na mkutano wa mtaa ni kesho. Akaniomba nimwandalie bango la sheria hiyo mapema ili likauke.

Nimelipokea. Kazi ni kazi. NI MARUFUKU KUDHIHAKI DINI, MILA, VIONGOZI WA MTAA NA MAMBO MENGINE YANAYOHESHIMIKA. Nilimuuliza viongozi wa mtaa wameingiaje kwenye dini. Akasema nafasi ilibaki kwenye karatasi.

Bango limetoka safi. Herufi M yake nitaikumbuka.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano ulikuwa katika darasa la shule. Watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mke wangu alikaa mbele na mama yake. Hakugeuka.

Mwenyekiti alitaka kuonyesha kwamba wananchi wamelalamika, akamwambia katibu asome barua zilizofika. Sikujua kwamba barua zilizofika ni mbili tu, na zote ni zangu. Katibu akasoma nyekundu. Akasoma ya buluu. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akaziinua juu, moja kila mkono, akauliza kama mwandishi ni huyo huyo, maana herufi ni zile zile. Kinyozi alicheka peke yake kwanza. Halafu darasa zima.

Sheria ikasomwa. Wengi walionekana kuipenda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshainua mkono kabla sijaamua naunga mkono nini. Ndipo Mama mkwe akasimama.

"Mwenyekiti, mimi ndiye yule bibi wa miwani," akasema. Kicheko kikakatika. "Picha ile imeniuma, sitawaficha. Lakini sheria yako siitaki."

Mwenyekiti akamwambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba sheria ni kwa ajili ya kumlinda yeye.

"Leo, ndiyo. Kesho je? Sisi tunahubiri kwamba anayejali kiatu chake kuliko mwenzake amepotea. Jirani wa ile nyumba kubwa ya ibada ya sokoni akisema kwamba hapo nimeidhihaki dini yake, utamkamata nani? Utawakamata wao mia sita, au utatukamata sisi ishirini na tisa?"

Mwenyekiti akatazama karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Waliomwangusha fundi wetu washughulikie," akaendelea. "Kumsukuma mtu kulikuwa kosa tangu zamani, hakuhitaji sheria mpya. Huyu mchoraji mwache achore."

Nikaanza kupiga makofi. Akanigeukia.

"Keti, baba. Haki ya kunichora unayo. Na mimi ninayo haki ya kutokufungulia mlango. Ila nikuulize. Mtaa huu una nyumba za ibada nne, na kila moja ina jambo la kuchekesha. Kwa nini ulituchora sisi? Ni kwa sababu tunachekesha kuliko wenzetu, au ni kwa sababu tuko ishirini na tisa?"

Nikasema jambo fulani kuhusu mpangilio wa picha. Hakuna aliyelisikiliza, hata mimi.

Sheria ilipata mikono sita, ukiwemo wa Mwenyekiti na wa mkewe. Imeanguka. Kinyozi alifuta ubao wake jioni ile ile bila kuambiwa na mtu. Nilipomwona anafuta, nikatoa bango langu na mimi. Sikutaka aonekane muungwana peke yake.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwa Mama mkwe asubuhi. Alitimiza alichosema. Mlango haukufunguka. Akanijibu kupitia dirishani: "Anza kwa fundi, halafu urudi."

Fundi cherehani alinipokea bila maneno mengi. Alikuwa na sare za shule za kumaliza na mkono mmoja wa kufanyia kazi. Nilishona vifungo kwa saa nne. Kumi na vitatu vilikaa sawa, vingine vinaangalia pembeni. Nilimwomba radhi nikiwa nimeinamia kifungo, kwa sababu hivyo ni rahisi zaidi.

Akasema kabla ya kuangushwa aliiona picha, na alicheka. Wale waumini wanaorukaruka kama kuku walikuwa wazuri. Kilichomuuma ni kwamba tumeishi mtaa mmoja miaka kumi na miwili na sijawahi kumuuliza kwa nini. Kwa hiyo nikauliza.

Mwanamke aliyeianzisha imani yao alikuwa akikimbia nyumba inayoungua. Kiatu cha kushoto kikamtoka mlangoni. Alipoinama kukiokota akasikia mtu analia ndani. Akakiacha, akarudi kwenye moto, akatoka amembeba jirani yake, mtu ambaye walikuwa hawasalimiani. Ndiyo maana wanakiacha mlangoni. Kila wiki wanakumbushana nini cha kuacha na nani wa kumrudia.

Nikajichoma sindano.

Saa kumi Mama mkwe akafungua mlango. Nikaahidi mbele yake na mbele ya mke wangu kwamba sitaichora tena Kiatu Kimoja maisha yangu yote. Akaniwekea chai kutoka kwenye birika letu. Alisema amenisamehe, ila lile swali la jana bado ananidai jibu, nilifikirie taratibu. Nikasema nitalifikiria. Mke wangu amerudi nyumbani na begi lake.

Jumatano, 12 Machi

Nimelifikiria siku tatu mfululizo, hata nikiwa kazini. Yule mama ana akili sana. Alikuwa ananifundisha kazi yangu na mimi sikuelewa.

Kosa langu lilikuwa idadi.

Ukichora watu ishirini na tisa, kila mmoja anajiona kwenye picha. Fundi atajiona, mama mkwe atajiona, na gundi ya miwani nayo itajiona. Maumivu yanagawanywa kwa watu wachache, kila mtu anapata kipande kikubwa. Mwalimu mstaafu wa hesabu ameikagua hoja yangu na kusema mahesabu ni sahihi.

Kwa hiyo nimehamia kwenye ile nyumba kubwa ya ibada karibu na soko, wanakosali Mwenyekiti, mwenye bucha, mwenye nyumba wangu na nusu ya polisi wa kituo. Leo nilisimama nje wakati wanatoka nikahesabu hadi mia sita na kumi. Mbele yao kuna ukuta mweupe, mrefu, hauna hata dirisha. Nimeazima ngazi. Nimeanza na kiongozi wao, ana shingo fupi na kichwa kinachotii brashi, na mstari wa kwanza umekauka vizuri.

Mke wangu ameuliza ngazi ni ya nini. Nimemwambia nimepata kazi kubwa. Ameniuliza kama itamuudhi mtu. Nimemjibu kwa utulivu wa mtu aliyejifunza: watu mia sita na kumi hawawezi kuudhika wote kwa wakati mmoja.