Feni Inavuma kwa Jirani

Kinyozi alifika kijiweni anahema, kitambaa cha kazi kingali begani.

"Jamani, mmesikia? Kilabu wametangaza! Jumamosi bingo ya muziki inarudi, na nyimbo ni zilezile za harusi. Eti kwa maombi ya wengi."

"Wengi gani?" akadakia Mzee Mstaafu, aliyestaafu kazi zote isipokuwa kubisha. "Semeni ukweli. Watu wanataka kumwona Redio akiaibika tena."

Redio, fundi viatu, akainamia kisigino alichokuwa akikipigilia. Jina hilo alipewa kwa sababu hazimi: huku anagonga misumari, huku anakutangazia wimbo huu kaimba nani na gitaa kapiga nani. Jumamosi iliyopita alikwenda kilabuni na mkewe, kifua mbele. Mchezo wenyewe mwepesi. Unapewa kadi yenye majina ya nyimbo, didjei anapiga kipande, ukiutambua wimbo unautia alama, mstari ukijaa unapiga kelele, "Bingo!" Zawadi ilikuwa feni, na mkewe aliitamani feni tangu joto lianze. Sasa feni hiyo inavuma kwa jirani, ukuta wa pili, na kwa Redio hakuna anayemsemesha mwenzake.

"Kwani ilikuwaje hasa?" akauliza Mama Kahawa, akimjazia kikombe. "Mimi sikuwepo."

"Kalamu nilishika mimi. Mke wangu akawa ananifinya. Kila wimbo ananifinya! Nikamwambia, tulia mama, wewe muziki huujui."

"Mbele za watu?"

"Meza nzima."

"Makubwa haya!"

"Kumbe mmojawapo ulikuwa wa harusi yetu, ule tulioingia nao ukumbini. Ukapita hivihivi, nami sina habari. Ningeutia alama tu, feni yetu. Nimemuuliza ni upi, kanijibu, 'Mjuzi wa muziki ni wewe.'"

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Redio naye akajaribu kucheka, akaishia kugonga msumari. Siku ya harusi aliikumbuka vizuri, gauni la mkewe, mkono wake uliolowa jasho. Muziki tu ndio haukumkaa kichwani, na hilo lilimuuma kuliko feni.

"Mnacheka, na mimi nakula peke yangu wiki nzima. Kinyozi, mpambe wangu ulikuwa wewe. Tuliingia na wimbo gani?"

Kinyozi akafumba macho, akajipapasa kidevu. "Ule wa tarumbeta. Mliingia kwa madaha, pole pole, mpaka watu wakasinzia."

"Wapi!" akafoka Mstaafu. "Tarumbeta ilikuwa ya kukata keki!"

"Mzee, wewe siku hiyo ulikuwa nyuma ya ukumbi unavizia nyama!"

"Nyama nilikula, masikio yangu sikuyala!"

"Mashine yangu ya kunyolea izime leo hii kama naongopa!"

Kwa kiapo kizito namna hiyo, hata Mstaafu aliacha kubisha. Basi wakaanza kumfundisha. Kinyozi anaimba, Mama Kahawa anaitikia, Redio anafuatisha kwa nyundo. Walikuwa wamefika kwenye kiitikio mke mwenyewe alipotokeza na kapu la sokoni.

"Shemeji, karibu," akasema Kinyozi. "Hapa kuna mtu ana jambo lake."

Redio akaweka kiatu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akasimama. Akaimba. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikashika, akaimba wote, na tarumbeta akaipiga kwa mdomo. Mama Kahawa alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Mke alisikiliza mpaka mwisho, kapu mkononi, uso umelainika kidogo.

"Umeimba vizuri," akasema. "Ila huo ni wa harusi ya dada yangu."

Mstaafu akamgeukia Kinyozi taratibu. Kinyozi ghafla akakumbuka kuwa kamwacha mteja kitini ana povu kidevuni, akatimua mbio.

Mke akapiga hatua chache, akasimama, akageuka.

"Jumamosi kalamu nashika mimi."

"Na mimi je, mama?" akauliza Redio kwa unyonge.

"Wewe utabeba feni."