Mchaichai Upigwe Marufuku Penye Mazungumzo ya Mahari

Mirongo, Mwanza
Julai, 1993

Ndugu Mhariri,

Nasikia siku hizi wengi wenu mnapenda kuitwa Waheshimiwa. Mimi ni mtu wa zamani, utanivumilia.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wachapaji wako. Mimi ni mstaafu wa chama cha ushirika, nilikuwa mpima pamba, na sijawahi kulalamika gazetini, hata mwaka ule tulipofua nguo kwa majani ya mpapai. Leo imenilazimu. Naomba Serikali ipige marufuku chai ya mchaichai katika nyumba yoyote yenye binti anayeposwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Siasa ya nchi. Miaka ya foleni tulikunywa mchaichai kwa kuwa majani ya chai hayakuonekana, na hatukumlaumu mtu. Sasa imeshasemwa ruksa. Duka la Bwana Chandulal hapa mtaani lina chai ya kopo, ya pakiti na hata ya vifuko vyenye uzi. Lakini mke wangu, Wilhelmina, bado anakwenda nyuma ya bafu, panapopita maji ya kuogea, anakata mchaichai, anauosha, anaukunja fundo, anauchemsha na kuufunika mpaka harufu ifike sebuleni. Nikimuuliza, anajibu kwamba soko huria maana yake kila mtu anywe anachokipenda. Hiyo siyo maana yake hata kidogo. Kama kila mwananchi atakunywa kilichoota nyuma ya bafu lake, yale malori yanayoingia kwa mpaka wa Sirari yanamletea nani?

2. Uchumi. Mchaichai haulipi ushuru, hauna leseni na haujawahi kuvuka mpaka wowote. Bwana Chandulal, ambaye ni mstaarabu, aliniuliza kama tuna msiba, maana hatununui majani. Nikamwambia tumehamia kwenye kahawa. Nimekuwa mwongo uzeeni kwa sababu ya nyasi.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Mwezi uliopita binti yetu Sabina, ambaye ni mwalimu, aliletewa posa na kijana wa Magu. Baba wa kijana, Mzee Chenge, alikuja na ndugu zake kuzungumza mahari. Kwetu mazungumzo hayo yana heshima yake. Upande wa binti unataja ng'ombe wengi kupita kiasi. Upande wa kijana unashtuka. Lazima mtu mmoja asimame na kusema ametukanwa, watoke nje wakanong'one, warudi wamenuna, na ikibidi waondoke kabisa waje siku nyingine. Hapo ndipo majirani wanajua kwamba binti ana thamani. Mimi nilikuwa tayari. Hasira nilikuwa nayo ya kutosha, nimeitunza tangu asubuhi. Nilimpa Wilhelmina kopo jipya la majani ya chai, nikamwagiza apike nzito, ya maziwa.

Akaleta mchaichai na viazi vitamu.

Nikataja ng'ombe wangu. Mzee Chenge akanywa funda moja, akafumba macho, akasema harufu hii inamkumbusha marehemu mama yake. Nami, badala ya kupiga meza, nikamuuliza mama yake alikuwa mtu wa wapi. Tulipomiminiwa tena, ng'ombe wakapungua. Tulipoongezwa, wakapungua tena, na aliyewapunguza ni mimi. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyetoka nje isipokuwa kwenda kujisaidia. Jua halijaanza kuteremka tulikuwa tumeshikana mikono, tunacheka kama watu waliochunga pamoja. Idadi ya ng'ombe waliobaki sitaitaja gazetini.

Sasa jirani mmoja ameniuliza kwa upole kama Sabina ana kasoro, kwa vile mambo yaliisha kikao kimoja. Mwenyewe Sabina, ambaye hajui thamani ya jina la ukoo, anaimba akifua, anaimba akisahihisha madaftari, na mama yake anamwitikia.

4. Sayansi. Mhudumu wa zahanati alinieleza kwamba majani ya chai yana kitu kinachoitwa kafeini, ambacho humchangamsha mtu na kuupeleka moyo mbio. Mchaichai hauna kabisa. Ndiyo maana Wilhelmina aling'ang'ania niunywe, kwa ajili ya presha yangu. Ni kweli nalala vizuri, na sijamfokea mtu tangu Pasaka. Lakini mzazi asiyefoka ataozaje binti? Halafu tazama mbele. Nchi imeingia vyama vingi. Kinywaji hiki kikizoeleka mikutanoni, nani atampinga nani? Kikifika uwanja wa Kirumba, mashabiki watampigia makofi mwamuzi.

Mimi nimekwisha kuchukua hatua. Nimempelekea Mzee Chenge habari kwamba kikao kile si halali kwa sababu ya kinywaji, na nimemwita Jumamosi tuanze upya kwa chai halisi, nitakayoipika mwenyewe.

Wasalimie wachapaji wako, wauza magazeti wote na familia zao. Wilhelmina naye angekusalimu, ila hajui kwamba nakuandikia.

Wako katika kulijenga soko huria,
Antoni Luhende

Nimesahau: Nimechelewa kuipeleka barua posta, na Jumamosi imeshapita. Chai niliipika nyeusi kama nilivyoahidi. Mzee Chenge aliinywa, nami nilimzidi. Kila mtu alisimama. Yeye alitoka nje kama desturi inavyotaka, lakini hakurudi. Alikwenda moja kwa moja kupanda gari la Magu, na kofia yake iko hapa sebuleni. Moyo wangu ulinienda mbio mpaka Jumapili. Majirani hawajasema lolote juu ya thamani ya Sabina. Sabina ananipa shikamoo na kupita, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia uchungu.

Wilhelmina hakunigombeza. Amechimba shina la mchaichai na mizizi yake, amelifunga kwenye gazeti lako, akalilowesha, akanikabidhi pamoja na ile kofia. Kesho nakwenda Magu kulipanda mwenyewe nyuma ya bafu la Mzee Chenge. Majani ya kuchemsha nimeyabeba kando, na nikifika nitaomba sufuria kabla ya kuomba kiti.

Kwa hiyo naomba barua hii usiichape. Naituma kwa kuwa stempu nimeshaibandika. Kuhusu ng'ombe, nitakubali idadi ile ile ya kikao cha kwanza, na akitaka tupunguze tena, nitakuwa nimeshakunywa.