Maji ya Moto kwa Wapiga Kura

Jumatatu, 9 Juni
Mtambo wa haidrojeni umefungwa nyumbani kwangu. Fundi Lukasi alieleza mara mbili. Paneli za jua zinahudumia nyumba kumi hapa Maretadu. Wingu likipita, mtambo unageuza gesi iliyohifadhiwa kuwa umeme. Ukifanya kazi, unapasha moto pipa la maji. Hilo la pipa nililielewa mara ya kwanza. Jumapili tunachagua mwenyekiti wa kamati ya umeme. Mpinzani wangu ni jirani, Philomena, mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Baridi inauma. Nimewaahidi wazee wote kuoga maji ya moto.

Jumatano, 11 Juni
Jua kali siku tatu. Mtambo umelala. Mzee Sulle alikuja na taulo na sabuni. Nikamwamkia, nikampeleka bafuni. Maji ya baridi. Alipotoka hakuniaga.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefunika paneli kwa turubai la kuanikia mahindi. Mtambo ukaamka! Wazee sita wameoga. Mzee Sulle aliimba humo ndani. Mke wangu Perpetua kauliza turubai liko wapi. Nikasema nimeliazimisha.

Jumamosi, 14 Juni
Mawingu ya kweli. Gesi imeisha. Kumbe inatengenezwa kwa umeme wa jua unaozidi, na jua nililifunika mimi. Nyumba zote hazina umeme. Philomena ana mayai tisini, yamebakiza siku moja kuanguliwa. Nilimkuta amekaa chini kando ya mashine. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia. Nikabeba maji ya moto yote yaliyobaki, tukajaza chupa, tukazipanga kati ya mayai, tukafunika blanketi. Akasema, "Baba Doris, Mungu akubariki. Sijui nani katufanyia hivi." Nikasema hata mimi sijui.

Jumapili, 15 Juni
Vifaranga sabini na mmoja. Lukasi kalikuta turubai nyuma ya paneli. Lina jina langu. Kura: Philomena kumi na tisa, mimi moja. Perpetua anaapa hiyo moja ni yake. Ni yangu.
Mtambo unahamia kwa Philomena. Sawa. Lukasi ametaja kwamba mwakani italetwa mashine ya upepo, itakaa kwa mwenye kiwanja kisicho na miti. Nimeazima shoka kwa Philomena. Nimemwambia ni la kuni. Naanza na miti yangu, kisha ile ya mpakani.