Goti Lililogusa Lami

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimefungua keria ya pikipiki. Bolti nne, nati nne, zote nimezitia kwenye kopo la maziwa na kuandika juu yake KERIA. Mtu mwenye mpangilio hapotezi nati. Pikipiki sasa nyepesi kama unyoya! Inaonekana ilikuwa ikionewa miaka yote hii.

Sababu: tarehe 16 kuna mbio uwanjani na nimepeleka jina langu. Barabarani sina tena wa kushindana naye. Kila asubuhi nikienda kazini naacha nyuma magari, malori, na yule mwuza magazeti wa baiskeli aliyenisumbua mwezi mzima.

Mke wangu akatoka na trei za mayai, akatazama pale ilipokuwa keria. Akauliza mayai ya wateja wake yatakaa wapi, kichwani kwangu? Nikamweleza habari ya uzito na kasi. Akasema kama shida ni uzito, nianze na tumbo. Hana elimu ya mbio.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa Shemeji, kaka yake mke wangu, kuazima suruali ya ngozi. Anafundisha shule ya udereva na ameshashindana misimu miwili. Ananisemesha kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Hata nilipotaka kuketi kwenye kochi aliniuliza kama nimeangalia nyuma.

Ukutani sebuleni, kando ya picha ya harusi, ametundika vibao viwili vya goti. Ni vipande vya plastiki ngumu vinavyobandikwa kwenye suruali ya ngozi. Mshindani wa kweli akiilaza pikipiki kwenye kona, goti lake hugusa lami na kibao hukwaruzika. Vyake vimelika mpaka vinatia huruma. Kumbe ndicho cheo chao! Hawaulizani nani kashinda mara ngapi. Wanatazamana magoti.

Akanipa suruali na vibao vipya kabisa, vyeusi, vinang'aa kama sahani za wageni. Akasema, shemeji, hivyo usitupe karatasi yake, utavirudisha dukani vilevile. Mkewe alicheka mpaka akaenda kumalizia jikoni. Neno hilo nimelimeza. Lakini nimeliandika hapa.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, kwa hiyo vifaa ninavyo. Nimekunja godoro la inchi sita, nikalifunga kamba likawa kama tangi la mafuta. Nikalipanda. Nikatoa goti, nikaning'iniza makalio upande mmoja kama wanavyofanya mabingwa. Kona ya kushoto: nzuri. Kona ya kulia: nzuri sana. Mlio wa injini niliutoa kwa mdomo, maana bila mlio mwili hauelewi.

Meneja akaingia na wateja wawili. Nilikuwa gia ya tano.

Nikashuka. Meneja akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Wateja wakasema watachukua godoro lolote, isipokuwa lile.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu ametoa masharti leo mezani, mbele ya Shemeji, ili kuwe na shahidi. Wiki nzima amebeba mayai kwa mikono, na mteja wake mwoka mikate amemwambia akichelewa tena atatafuta mwingine. Kwa hiyo: nikimshinda mtu mmoja, hata mmoja tu, pikipiki ni yangu na nifanye nayo nitakavyo. Nisipomshinda yeyote, keria inarudi kesho yake, na kila alfajiri nitapeleka mayai mimi mwenyewe, bila mdomo.

Nikakubali hata kabla hajamaliza. Mtu mmoja! Shemeji akasema nisiwe na wasiwasi, daraja la wanaoanza lina mwalimu mstaafu anayevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, huyo hata wewe utampita. Nikamjibu kwamba sishindani na wazee. Akasema haya, basi utashindwa na vijana.

Mke wangu akamwongezea nyama. Yeye!

Jumanne, 11 Juni

Wazo! Kibao kipya kinamtangaza mtu kwamba ni mgeni. Lakini nani aliyesema lazima kikwaruzwe na lami?

Mke wangu alipokwenda kwa jirani nikavaa suruali ya ngozi, nikaketi jikoni, nikachukua kikwaruzio cha karoti. Nikasugua vibao vikiwa gotini, mbele, katikati kabisa, mahali mkono unapofika vizuri. Kulia na kushoto kwa usawa. Kazi safi sana. Misimu mitatu ya mashindano kwa muda wa kuchemsha chai.

Jioni tukala saladi ya karoti. Mke wangu akatema kitu cheusi, akakiinua kwenye taa. Nikasema karoti za siku hizi wanatia dawa kupita kiasi. Kesho atamwendea mwuza mboga na hasira zake zote. Namhurumia mwuza mboga. Lakini mbio ni mbio.

Jumamosi, 15 Juni

Kuhakiki majina uwanjani. Karani wa mashindano, mama mmoja mnene mwenye kikombe cha chai, alinitazama mimi, akatazama pikipiki yangu, akaandika: wanaoanza.

Nikapandisha goti juu ya meza yake. Chai ikamwagika kidogo. Nikamwuliza kama mtu anayeanza huwa na goti la namna hii. Akasema yeye ni mhasibu, mambo ya magoti hayajui, lakini kama nautaka uzoefu basi aniandike wazoefu, ila niushushe mguu wangu. Akafuta, akaandika upya.

Wazoefu! Daraja moja na Shemeji! Kikwaruzio kimefanya kazi ambayo wenzangu wanaifanya kwa miaka.

Nikitoka nikamwona mwalimu mstaafu akiitafuta pikipiki yake, nayo iko mbele yake. Nikamsikitikia. Hatapata heshima ya kukutana na mimi.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mto.

Kwenye mstari wa kuanzia Shemeji aliinama akatazama magoti yangu. Kisha akawaita wengine wote, wakaja kama watu wanaoitwa kuona ajali. Akawaeleza kwa sauti yake ya darasani kwamba kwenye kona goti hugusa lami kwa ubavu, kwa hiyo kibao hulika upande wa nje. Kikilika mbele, katikati, maana yake mwenyewe alikuwa amepiga magoti. Akaniuliza, shemeji, pikipiki yako unaiendesha au unaiomba msamaha?

Tangu hapo naitwa Bwana Toba. Mpaka mtangazaji.

Bendera ikashuka. Kona ya kwanza nilitoa goti kama kwenye godoro. Goti likatoka, pikipiki ikabaki wima. Uzioni mtu akapiga kelele kwamba nimefanana na mbwa kwenye nguzo. Kona ya pili nikawasha indiketa. Mazoea tu! Taa zilikuwa zimezibwa kwa utepe, lakini zilipepesa chini yake na watu wakaona. Msimamizi mmoja alinipungia bendera ya buluu kila nilipopita. Shabiki wangu wa kwanza! Nikawa nampungia na mimi. (Baadaye nimeambiwa maana yake ni: wapishe wenzako.) Shemeji alinizunguka mara mbili. Mara ya pili aliangalia nyuma kabla ya kunipita, kama anavyofundisha.

Kona ya mwisho nikasema, ama goti, ama basi. Kona ikaenda kushoto. Mimi nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kokoto. Pikipiki ikalala taratibu, nami nikateremka kwa magoti yote mawili. Mbele. Katikati. Mtangazaji akasema Bwana Toba ameanza ibada.

Hata hivyo tumaini lilikuwepo. Nyuma yangu kijana mmoja cheni ilikuwa imemkatikia. Mtu mmoja! Nikainua pikipiki, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Yule kijana akashuka, akaanza kuisukuma yake kwa miguu. Alinipita akitembea. Akanipa na pole.

Mwalimu mstaafu naye alikuwa wa mwisho katika mbio za wanaoanza. Alisimama njiani kufuta miwani. Mke wangu alinionyesha kwa kidole.

Jumatatu, 17 Juni

Kopo la maziwa lilikuwa mezani pamoja na chai, na spana kando yake. Bolti nne, nati nne, hakuna iliyopotea. Mpangilio wangu mwenyewe umenisaliti.

Mke wangu akafunga na kibao cha mbao nyuma ya keria, rangi nyekundu: MAYAI, na namba yake ya simu. Nilitaka kulalamika, nikajizuia. Nikakitazama vizuri. Mabingwa wote wana maandishi kwenye pikipiki zao.

Nina mdhamini!

Jumanne, 18 Juni

Safari ya kwanza ya mayai. Trei sita. Uzito wa nyuma unaongeza mshiko wa tairi, jambo ambalo wale wa uwanjani hawajaligundua.

Na leo nimempita Shemeji! Kwenye mzunguko wa barabara karibu na duka la mikate, kwa upande wa nje, nikiwa nimelala vizuri kabisa. Gari lake la shule lilikuwa limezimika, mwanafunzi analia kwenye usukani, yeye anambembeleza. Sioni kwa nini hilo libadilishe matokeo. Nilimpungia mkono.

Trei mbili zimevunjika. Nimemwambia mke wangu kwamba barabara ni mbovu. Akaniuliza barabara gani inayopaka kiini cha yai kwenye goti. Nilikuwa sijaliona.

Nimeliangalia. Upande wa nje!

Kesho nanunua vibao vipya na kikwaruzio changu mwenyewe, nisigombane na mtu jikoni. Safari hii nasugua ubavuni.