Upinde wa Bi Chuma

Jumatatu, 5 Desemba 1994
Nimepata ufundi! Frateri Placidi, aliye likizo, anatuongoza katika mchezo pale ukumbi wa vijana, parokiani. Sanduku la mchezo liliachwa na mwalimu wa kujitolea alipokwenda kwao. Kila mmoja anakuwa mtu wa kubuni. Placidi anasimulia yanayotupata, na dadu la pande ishirini linaamua kama tumefaulu. Mimi Beata, ambaye hata "Tumsifu Yesu Kristo" hunikwama kooni, ni Bi Chuma, fundi wa pinde na mishale. Bi Chuma haogopi kitu. Tatizo: leo nimemtupia dadu mara tatu, na pinde zake zote zimevunjika. Jumamosi tunavuka ziwa kuua joka la Lipingo. Asiye na silaha anabaki, nafasi yake anapewa Otilia, anayesubiri zamu. Otilia amesema hana haraka. Alikuwa ameshakalia kiti changu.

Jumanne, 6 Desemba
Nimemuuliza Placidi: mtu akitengeneza upinde wa kweli, Bi Chuma atahesabiwa anao? Alinisikia niliporudia mara ya pili. Akacheka, akasema lete upinde unaopiga, dadu tutalitia mfukoni. Hajui anaongea na nani.
Kitabu cha mchezo kinataka mti fulani wa Ulaya. Hapa kijijini Matiri haupo. Nimetafuta mwingine wa kufaa mpaka miguu ikauma, kumbe upo nyumbani, kwenye kahawa ya baba! Chipukizi limetoka kwenye shina kuukuu, limenyooka kama rula. Baba husema kila siku kwamba machipukizi yananyonya mti, yaondolewe. Nimemsaidia. Kimyakimya, asije akapata tabu ya kunishukuru.

Jumatano, 7 Desemba
Kitabu kinasema mti ukauke mwaka mzima. Mimi nina siku tatu. Nimeupandisha darini juu ya meko, kwenye mahindi ya mbegu, upate moshi. Mama akauliza ni kuni gani hiyo inayotunzwa. Nikasema ni ya mradi. Siku hizi redio haisemi kingine ila miradi ya watu binafsi, akaniacha.
Mishale inataka manyoya ya bata bukini. Tuna jogoo wa Krismasi. Sasa anatembea ameegemea ukuta, kama mtu aliyechanika suruali.

Ijumaa, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Baba kashinda shambani, karudi akiuliza nani kaingia shambani. Lile chipukizi alikuwa amelichagua na kulitunza miaka miwili, lirithi shina kuukuu. Amesema tangu wanunuzi binafsi waje amesikia wizi wa kila namna, lakini si wa kuiba kahawa kabla haijazaa. Kisha akasema ni mbuzi wa jirani yetu, Mzee Bernadi. Mama akauliza ni mbuzi gani huyo anayetumia panga.
Bi Chuma angekiri palepale. Mimi nimekwenda kufunga uzi wa nyavu kwenye upinde. Umekaza vizuri ajabu!

Jumamosi, 10 Desemba
Ukumbi mzima ukinitazama! Shabaha: boga dirishani. Nikavuta. Upinde ukapinda, haukuvunjika. Mshale ukaruka, ukalikosa boga, ukatoka nje.
Nje walikuwepo baba na Mzee Bernadi, wakimsubiri Paroko awaamulie kesi ya mbuzi.
Baba akaingia ameushika mshale. Akatazama manyoya, akatazama upinde, akaniuliza nani kautengeneza. Otilia akaninyooshea vidole vya mikono yote miwili. Nikasema shikamoo baba, ingawa nilishamwamkia asubuhi. Kisha nikasema ni mimi. Kwa sauti! Watu wote walisikia, hata Mzee Bernadi, ambaye alisema mbuzi wake wanangoja kuombwa radhi.
Placidi akatangaza kwamba Bi Chuma ana upinde. Baba akasema Bi Chuma, awe yeyote, ana pia mashimo ya miche ya kuchimba, tena leo hii.
Nikaondoka. Otilia akakaa.

Jumapili, 11 Desemba
Baada ya misa Otilia kanipa habari: joka limekufa. Yeye ndiye aliyelipiga, kwa upinde wa Bi Chuma. Upinde wangu! Nimeruka kwa furaha mpaka mama akanifinya. Upinde wenyewe baba ameuchomeka shambani, unashikilia mche mpya.
Jumamosi ijayo wanapanda mlimani, na mlimani silaha ni mikuki tu. Bi Chuma atajifunza uhunzi. Kitabu kinataka chuma kizuri kilichozoea kazi. Baba ana majembe mawili, na sijawahi kumwona akilima na yote kwa pamoja.