Ncha ya Pili ya Kamba Yangu

Ghorofa ya Nne,
Uchochoro wa Wasuka Vikapu,
Napoli.
Jumanne, kabla ya chai.

Kwa Mheshimiwa Diwani unayeshughulikia wageni,

Pokea salamu na heshima zangu zote, hata zile nilizokuwa nimemwekea Askofu. Naitwa Catello Sorvillo, umri miaka sabini na minane, fundi wa miavuli mstaafu. Shule niliacha darasa la nne kwa makubaliano ya pande mbili, mimi na mwalimu, kwa hiyo ukikuta koma isiyo na kazi, isamehe. Hata mimi sina kazi.

Nimesikia Alhamisi hii baraza lenu litapokea maoni ya wananchi kuhusu hawa wageni wanaokuja mjini kwetu Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili asubuhi. Maoni yangu ni kwamba wapigwe marufuku. Sababu nimezipa namba, usije ukasema mzee anapayuka.

La kwanza: Kamba. Kati ya dirisha langu na dirisha la ng'ambo ya uchochoro kuna kamba ya nguo inayozunguka kwenye vigurudumu viwili, kimoja kwangu, kimoja kwa Bi Nunziatina, mjane, aliyekaa pale miaka arobaini na moja. Kigurudumu cha upande wake kina kichwa kigumu: kila soksi ya saba hukwama, na hakiendi mpaka mtu akipige kofi. Bi Nunziatina alikuwa na kofi lenyewe. Mimi navuta, yeye anapiga, soksi inapita. Humo humo ananisema kuhusu kola zangu, nami namwambia shuka zake zina viraka kama ramani ya vita. Majirani walidhani kuna jambo. Hapakuwa na jambo. Kulikuwa na mita sita za hewa.

Mwaka jana mwenye nyumba aliona mgeni ana faida kuliko mjane. Bi Nunziatina akachukuliwa na mwanawe hadi Benevento, kwenye nyumba ya chini ambako nguo hukaushwa na mashine, na hakuna wa kumtukana. Tangu hapo ncha ya pili ya kamba yangu imo mikononi mwa watu nisiowajua, na kila Ijumaa ni wengine.

Walianza Wabelgiji. Fulana yangu ikakwama mbele ya dirisha lao. Nikapiga kelele, "Kipigeni kofi!" Wakanipungia mkono. Nikawaonyesha kwa vitendo, kiganja juu ya kiganja. Wakanishangilia. Kisha yule mwanamume akaichukua fulana, akajifutia uso, akaingia nayo bafuni. Kumbe daftari la nyumba lilikuwa limeandikwa kwamba taulo safi huletwa Jumamosi. Walipoondoka waliirudisha kambani, imekunjwa vizuri, na karatasi ya kulalamika kwamba taulo la hapa lina matundu matatu.

La pili: Kapu. Mheshimiwa, magoti yangu hayakubaliani tena na ngazi. Kila asubuhi nateremsha kapu kwa kamba, Ciruzzo mwoka mikate anatia mkate, navuta. Jambo la kawaida, hata mama yako alifanya. Lakini wageni wakiona kapu linashuka ni kama wameona malaika. Wanalipiga picha. Wanapiga picha nalo. Jumamosi ya wiki iliyopita nilisikia uzito, nikasema leo Ciruzzo kanikumbuka kwa mkate wa kilo mbili. Nikavuta. Akapanda mbwa. Mbwa mdogo, amevaa miwani ya jua.

Chini mama mmoja analia, "Babu! Mbwa wangu!"

Nikamjibu, "Mkate wangu kwanza!"

Ciruzzo naye, badala ya kusaidia, anapiga kelele, "Mzee Catello, usimle, hajachunwa!"

Tulibadilishana, mbwa kwa mkate, kama mateka wa vita. Miwani alisahau. Ninayo.

La tatu: Mimi. Ornella, binti wa muuza samaki, siku hizi anatembeza wageni. Saa nne na dakika ishirini anasimama chini ya dirisha langu, ananyoosha mwavuli (niliutengeneza mimi, mwavuli huo) na kuwaambia, "Na yule ni mkazi halisi." Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa chooni. Nikasikia, "Mzee Catello! Toka basi, nimeshawaahidi!"

"Nimevaa pajama!"

"Ndivyo wanavyopenda!"

Nikatoka. Wote wakasema aah. Bibi mmoja akauliza dirisha hufungwa saa ngapi. Jumatatu Ornella akanisomea yaliyoandikwa mtandaoni: mkazi ni mzuri, ila hakutabasamu vya kutosha, nyota tatu. Mheshimiwa, marehemu mke wangu aliishi nami miaka thelathini, hakunipa hata nyota mbili, lakini alisemea ndani ya nyumba.

La nne, ambalo ndilo zito: hawa watu wamemaliza mji. Kwa siku mbili! Kijana wa Denmark alinisimulia kutoka dirisha la Bi Nunziatina habari za dari la kanisa lililo nyuma ya nyumba yangu. Akaniuliza kama nimeliona. Nimebatizwa mle, lakini siku ile nilikuwa nalia, sikutazama juu. Ilibidi niongope. Mji huu una miaka zaidi ya elfu mbili, mimi nimeupa sabini na minane na sijafika nusu, halafu mtu anaushusha kama kikombe cha kahawa na kukimbilia treni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wameijua hesabu hiyo. Ijumaa jioni nasikia masanduku yao, grrr juu ya mawe. Jumapili asubuhi, jembe halijaamka, grrr, wamekwenda. Mwaka mzima sijapata mtu hata mmoja wa siku ya tatu.

Kwa hiyo naomba haya. Kila anayeshuka stesheni na sanduku la magurudumu apewe mtihani wa kofi, na akishindwa arudishwe na treni ile ile. Anayefaulu asiruhusiwe kuondoka kabla ya miaka mitatu. Anayetaka kulala katika nyumba ya Bi Nunziatina akae arobaini na moja, na awe mjane. Ikishindikana, basi wewe mwenyewe, Mheshimiwa, uje kila Jumamosi kushika ncha ya pili. Na ikishindikana hilo, mimi na Ciruzzo na yule mbwa tutakuja kwako wikendi moja, tukupige picha ukianika chupi zako, kisha tukuandikie nyota.

Nisalimie mkeo, watoto, makarani wa ofisi, na yule bawabu mwenye kikohozi. Mwambie majani ya mkaratusi, ajifukize.

Wako mtiifu kuanzia kiunoni kwenda juu, maana magoti yamegoma,

Catello Sorvillo
(mkazi halisi)

Nyongeza: Nilikuwa naitafuta stempu, simu ikalia. Bi Nunziatina. Amemkalia kooni mjukuu wake mpaka akamtafutia nyumba ya wikendi mjini kwetu, na ameichagua ile yenye kigurudumu kibovu. Anasema tangazo limesifu kwamba dirishani kuna mandhari ya mkazi halisi. Akaniuliza, "Mkazi mwenyewe ndiye wewe, bwege?"

Nikasema ndiye.

"Basi vaa shati. Nimelipia Ijumaa na Jumamosi."

Kwa hiyo Mheshimiwa, hiyo marufuku isianze wiki hii. Na ukiniuliza mimi, isianze kabisa. Ijumaa jioni akishuka bibi wa miaka sabini na minne, mkali, msimpe mtihani wowote, kofi analo. Nimemwambia aje na sanduku la magurudumu, nimsikie tangu konani. Anasema Jumapili ana treni ya saa nne. Sawa. Nguo nimeshaanza kuziloweka, na Jumapili saa mbili nitatuma soksi ya kwanza. Ninazo arobaini na tisa. Kila ya saba itakwama, na kila ikikwama tuna maneno ya mwaka mzima. Kwa hesabu yangu ya darasa la nne, treni itaondoka bila yeye.